Mlichukua Midoli, Mkaacha Ugomvi

Barua ya wazi kwa walimu wakuu, kamati za shule na bodi za shule za msingi

YAH: MARAFIKI WALIOTENGANISHWA KWA SABABU YA MDOLI

Waheshimiwa walimu wakuu na wajumbe wa kamati,

Najua barua hii inawakuta na madaftari ya kusahihisha, fomu za afisa elimu za kujaza na wazazi wawili watatu wanaosubiri nje ya mlango wa ofisi. Naandika hadharani kwa sababu njia ya ndani nimeipita yote. Nimezungumza na mwalimu wa darasa, nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, nimeomba nafasi kwenye kikao cha kamati. Kote nimejibiwa kwamba suala limekwisha kwa sababu midoli imeshakusanywa. Suala halijaisha. Na kwa kuwa wazazi wa shule nyingine za hapa Dar es Salaam wananisimulia mambo yaleyale, nimeamua kuwaandikia nyote, bila kuitaja shule ya mwanangu, ili kila mmoja wenu aangalie ya kwake.

Kisa ni hiki. Labubu ni mdoli mdogo wa manyoya wenye masikio ya sungura na meno tisa yaliyochongoka, unaoning'inizwa kwenye begi. Aliyeubuni ni Kasing Lung, msanii aliyezaliwa Hong Kong na kukulia Uholanzi, katika hadithi za picha alizoanza kuzitoa mwaka 2015. Kampuni ya Pop Mart ya Beijing ilianza kuuuza mwaka 2019, na mwaka 2024, baada ya mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink kuonekana nao, mahitaji yakalipuka duniani kote. Kufikia mwaka 2025 mdoli huo ulikuwa umeshafika kwenye mabegi ya watoto wetu. Wachache walikuwa na mdoli wa kampuni yenyewe. Wengi walikuwa na wa kuigizwa, ule wa soko la Kariakoo.

Binti yangu yuko darasa la tano. Ana rafiki aliyekaa naye dawati moja tangu chekechea. Wanapanda gari moja la shule, na mmoja akipewa chapati mbili, moja ni ya mwenzake hata kama hajaomba. Mjomba wa huyo rafiki, anayefuata mzigo Guangzhou, alimletea mdoli wa kampuni. Binti yangu akanunuliwa wake na shangazi yake, Kariakoo. Mwanzoni waliita midoli yao mapacha, wakaishonea nguo kwa kipande kimoja cha kitenge. Halafu likazuka kundi la wasichana wenye midoli ya kampuni, na kundi hilo likaanzisha desturi ya kuhesabu meno, maana ya feki mara nyingi huwa na meno pungufu au ya ziada. Hesabu ilifanyika wakati wa mapumziko, mbele ya wenzao, na aliyepewa kazi ya kuhesabu meno ya mdoli wa binti yangu alikuwa rafiki yake huyo. Angeweza kusema tisa. Alisema kumi na moja, kwa sauti, na wote wakacheka. Binti yangu naye akalipiza kwa namna mbaya zaidi: akatangaza darasani siri ya nyumbani kwa rafiki yake, siri aliyokuwa ameaminiwa nayo.

Siku chache baadaye midoli yote ilikusanywa mstarini asubuhi na kutiwa kwenye katoni. Wasichana hao wawili walitajwa kwa majina. Binti yangu akahamishiwa mkondo B, ili kuepusha ugomvi, tuliambiwa.

Baada ya maelezo hayo, haya ndiyo malalamiko yangu na maombi yangu.

1. Shule ilishughulikia kelele, watoto ikawaacha.

Sibishi kwamba midoli ilivuruga masomo. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kufundisha hesabu za sehemu huku nusu ya watoto wanapitishana midoli chini ya dawati. Kuipiga marufuku darasani ni haki yenu, na mngeniomba saini ningeiweka. Lakini urafiki huu haukuvunjikia darasani. Ulivunjikia uwanjani, kabla mwalimu yeyote hajaona mdoli hata mmoja, na katoni lilipofungwa haukuungika. Matroni wa gari la shule alijua kabla yetu sote. Aliona watoto waliozoea kugombania kiti cha dirishani ili wakae pamoja sasa wanaomba kukaa mbele na nyuma. Hakuna aliyemuuliza. Kwenye utaratibu wa shule hakuna mahali ambapo neno la matroni linaandikwa na kumfikia mwalimu wa darasa.

Katoni lenyewe likazaa ugomvi wa pili. Midoli ilitiwa humo bila majina. Lilipofunguliwa mwisho wa muhula, watoto wakagombea upya upi ni wa nani, na mdoli wa rafiki yake binti yangu haukuonekana. Mama yake akaamini aliyeuchukua ni mwanangu. Mama huyo na mimi tulikuwa tunachukuliana watoto mvua ikinyesha, tunaazimana sare, tunapeana namba za fundi na daktari. Leo tukikutana getini tunasalimiana mdomoni tu. Shule iliyotangaza kwamba suala limekwisha haijui kwamba limehama uwanjani na kuingia majumbani.

2. Kuwatenganisha marafiki waliokosana ni kumalizia kazi ambayo mdoli uliianza.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo, kwa hiyo mniruhusu nikae kidogo.

Mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Marekani, alitaka kujua uadui kati ya watoto unatoka wapi. Mwaka 1949, katika kambi ya wavulana huko Connecticut, aliwaacha watoto wachangamane na kuchagua marafiki. Kisha akawagawa makundi mawili kwa makusudi, akihakikisha kwamba wengi wanakuwa kundi tofauti na marafiki zao. Hakuhitaji kuwagombanisha marafiki mmoja mmoja. Kila kundi lilipopata mahali pake pa kulala, kazi zake na mashindano yake, wavulana walipoulizwa tena marafiki zao ni nani, wengi waliwataja wa kundi jipya. Urafiki wa mwanzo ulikuwa umekwisha. Ninyi mmefanya jambo hilohilo kwa nia njema. Mkondo A na mkondo B hushindana kwenye usafi, kwenye michezo na kwenye wastani wa mtihani unaobandikwa ukutani. Binti yangu sasa anaimba nyimbo za B dhidi ya A, na A ndiko aliko rafiki yake.

Mwaka 1954 Sherif alifanya jaribio linalojulikana zaidi, kwenye hifadhi ya Robbers Cave huko Oklahoma, kwa wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11, umri wa watoto tunaowazungumzia. Makundi mawili yaligombea zawadi ambazo upande mmoja tu ungezipata: medali na visu vidogo vya mfukoni. Ukazuka uadui wa kweli, wakachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Watafiti walipotaka kuwapatanisha, kwanza waliwakutanisha tu, kwenye chakula na kwenye sinema. Haikusaidia, walirushiana chakula. Kilichosaidia ni shida ya pamoja: maji ya kambi yalikatika na makundi yote yakalazimika kutafuta hitilafu, gari la kuleta chakula likagoma na wote wakalivuta kwa kamba moja. Kambi ilipoisha, waliomba kurudi nyumbani kwenye basi moja.

Sherif amelaumiwa, na kwa haki, kwa kuwachezea watoto bila wao kujua. Lakini kuna jaribio lake la katikati, la mwaka 1953 huko Middle Grove katika jimbo la New York, ambalo yeye mwenyewe hakupenda kulizungumza sana, na mimi ndilo linalonigusa kuliko yote. Huko wavulana waligawanywa baada ya kuwa wamezoeana. Watafiti wakaharibu vitu vya kundi moja kwa siri ili lawama iwaangukie wenzao. Watoto wakakaa wakazungumza, wakaambiana kwamba hawakufanya, wakaanza kuwashuku watu wazima. Wakakataa kugombana. Jaribio likavunjwa. Watoto waliokuwa marafiki, wakipewa nafasi ya kukaa uso kwa uso na kuulizana, walikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuokoa urafiki wao kuliko wataalamu waliokuwa wanawasimamia. Nafasi hiyo ndiyo ambayo mabinti hawa wawili hawakuipata hata mara moja. Siku ya katoni waliitwa ofisini mmoja mmoja.

Wengine mtasema ni watoto, watapata marafiki wengine. Mwaka 1998 watafiti Catherine Bagwell, Andrew Newcomb na William Bukowski walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa darasa la tano hadi miaka 12 baadaye. Waliokuwa na rafiki wa dhati, anayewapenda nao wakampenda, walijithamini zaidi wakiwa watu wazima kuliko ambao hawakuwa naye. Watafiti hawakuchanganya jambo hilo na kukubalika na darasa zima, na ni kweli kwamba mtoto anaweza kuchekewa na wote akakosa mmoja wa kumwambia jambo. Nasema hivi nikijua kwamba mnahangaika na matokeo ya mitihani kuliko na haya. Lakini mnachokigusa mnapobadilisha mkondo kwa kalamu ni kitu ambacho mtoto anaweza kutembea nacho maisha yake yote.

Ombi langu la kwanza, basi: asihamishwe mkondo mtoto yeyote kwa sababu ya ugomvi na rafiki kabla hao wawili hawajakalishwa pamoja, na mtu mzima wanayemwamini, wakaulizwa wenyewe wanataka nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Haikusema kwamba haki hiyo inaishia kwenye geti la shule.

3. Midoli ya Labubu itapita, kitakuja kingine, na katoni litakuwa lilelile.

Mwaka 1999 kadi za Pokémon zilipoingia Marekani, shule nyingi zilizipiga marufuku kabla mwaka haujaisha, kwa sababu watoto walidanganyana kwenye kubadilishana, wakaibiana, wakapigana. Saudi Arabia ilizipiga marufuku mwaka 2001. Mwaka 2013 na 2014 zikaja bangili za vijimpira, na baadhi ya shule za Marekani na Uingereza zikazizuia. Mwaka 2017 vikaja vile vizungushio vya vidoleni, navyo vikakusanywa. Kila mara shule zilisubiri kelele, zikatoa tangazo, zikanyang'anya, zikapumua. Kila mara wazimu wa mtindo ulipoa wenyewe baada ya muda. Sijui shule iliyowahi kuwaita watoto mtindo ulipopoa ikauliza nani sasa hazungumzi na nani.

Na msiiweke mitindo yote kwenye kapu moja, kwa sababu haifanani. Bangili za vijimpira mtoto alizisuka kwa mkono wake, na mtoto aliyesuka bangili humvalisha mtu. Tuliocheza gololi tunakumbuka ugomvi wake, wala haukuwa mdogo, watu walikula gololi za wenzao mpaka machozi. Lakini aliyeshindwa alijua kwa nini: shabaha yake. Alikwenda nyumbani akajifua, kesho akarudi. Kwenye rede msichana mnyonge kwa fedha alikuwa malkia kwa wepesi wa kukwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mali ya mzazi haikuwa na la kusema pale. Mdoli wa Labubu haumpi mtoto chochote cha kufanya ila kuwa nao au kutokuwa nao. Mliweka sare ili mtoto wa dereva na mtoto wa mkurugenzi wasitofautishwe kwa macho. Kwenye begi sare hiyo imekwisha, na sasa watoto wanasomana mifuko ya baba zao kwenye meno ya mdoli.

Kwa hiyo ninapoomba mtofautishe, naomba jambo la kazi kabisa. Mtindo ambao watoto wanatengeneza, wanafundishana na kupeana, uacheni uwanjani na muuwekee saa zake. Mtindo unaotegemea kununua tu, uzuieni mapema, wiki ya kwanza, kabla haujagawa darasa kuwa wenye nacho na wasio nacho, na mwambieni mzazi sababu hiyo waziwazi badala ya kusema tu kwamba unavuruga masomo.

4. Tunawazoesha watoto kubahatisha, na shule imo.

Midoli hii huuzwa ndani ya boksi lisiloonyesha kilichomo. Unalipa kwanza, unafungua, ndipo unajua umepata rangi gani. Katika seti nyingi kuna mmoja wa siri unaopatikana kwa wastani wa boksi 1 kati ya 72. Mtoto akikosa anataka jingine. Mnajua tunaita nini mchezo ambao unalipa bila kujua utapata nini, ukikosa unalipa tena. Mwaka 1999 wazazi huko California walifungua kesi wakidai kwamba pakiti za kadi za Pokémon, zenye kadi adimu zilizofichwa, zilikuwa kamari kwa watoto. China, inakotoka midoli hii, ilitoa mwongozo mwaka 2023 unaozuia maboksi ya aina hii yasiuzwe kwa watoto walio chini ya miaka 8, na wa miaka 8 na zaidi wapate ridhaa ya mlezi. Kwetu, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Tumeshaona vijana wetu walivyomalizwa na mikeka ya kubeti. Kumfundisha mtoto wa miaka kumi raha ya kufungua boksi la bahati ni kumwandalia kiti huko.

Nao watu wazima hawana kinga. Mei 2025 Pop Mart ilisimamisha kwa muda kuuza midoli hii kwenye maduka yake ya Uingereza, baada ya wanunuzi kugombana wakiigombea. Kama watu wazima walifika huko, tunamwomba nini mtoto wa darasa la tano?

Hata hivyo, katika bonanza la shule lililofuata tangazo lenu la marufuku, bonanza la kuchangia ukarabati wa maktaba, palikuwa na meza ya mfanyabiashara aliyeuza maboksi yaleyale, ya feki, na alikodishiwa nafasi hiyo na kamati. Niliwaona watoto ambao midoli yao ilikuwa kwenye katoni ofisini wakiwa wamepanga foleni mbele ya meza hiyo. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba hakuna mwalimu aliyeona tatizo.

Naomba kamati zote ziandike katika kanuni zake: ndani ya eneo la shule, siku yoyote na kwa mchango wowote, hakiuzwi kwa mtoto kitu ambacho kilichomo kimefichwa. Kwa wauzaji wa getini, zungumzeni nao kupitia serikali ya mtaa, kwa adabu, maana wengi wao ni akina mama wanaotafuta ada za watoto wao kama sisi. Wanaweza kuuza penseli na ubuyu.

5. Kunyang'anya mstarini.

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji ushahidi. Kumwita mtoto kwa jina mbele ya shule nzima, afungue begi, atoe mdoli, wenzake wazomee, ni kumdhalilisha. Sheria ya Mtoto niliyoitaja inakataza adhabu za kudhalilisha. Lililo jipya hapa ni kwamba aibu ya mstarini iliwapa watoto neno la kutumia. Mpaka leo kuna wanaomwita binti yangu kwa jina la mdoli ule. Kitu kikikatazwa, kichukuliwe na mwalimu wa darasa faraghani, kitiwe kwenye bahasha yenye jina la mtoto, kisainiwe, arudishiwe mzazi wiki hiyohiyo. Ingefanyika hivyo, nisingekuwa na aya ya mama mwenzangu kwenye barua hii.

6. Rudisheni mapumziko.

Darasa la tano la shule yetu lina mapumziko mafupi ya chai, na chakula cha mchana kinaliwa huku mwalimu wa zamu akihimiza vipindi vya ziada. Baada ya hapo tuisheni. Jumamosi tuisheni. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja mchezo kuwa haki, kwenye kifungu cha 31, wala hausemi mchezo uje baada ya matokeo. Watoto hawapatani kwa hotuba. Wanapatana mpira ukihitaji mtu wa sita, kamba ikihitaji wa kuizungusha upande wa pili. Mtoto aliyenyang'anywa muda wa kucheza anabaki na kuonyeshana vitu tu, kwa sababu kuonyesha mdoli kunamalizika ndani ya dakika mbili na rede haimaliziki.

Hapa naomba na jambo moja la kuongeza. Kila shule ina mwalimu wa ushauri na unasihi, angalau kwenye karatasi. Mpeni kipindi kimoja kwa wiki kwenye ratiba, kisichoibwa na Hisabati wala Kiingereza, na msimgeuze kuwa mwalimu wa nidhamu. Kazi yake iwe kuwapa watoto waliokosana kazi ya kufanya pamoja: gazeti la ukutani, bustani ya mboga, kupanga vitabu vya hiyo maktaba tuliyoichangia. Matroni wa magari na wapishi waruhusiwe kumwambia wanachokiona, kwa sababu wao wanaona. Na mtindo mpya ukiingia shuleni, aite wawakilishi wa kila darasa waandike wenyewe kanuni zake: unachezwa wapi, saa ngapi, na nani haruhusiwi kutengwa. Wenzetu wa New York mwaka 1953 wametuonyesha kwamba watoto wakikaa wenyewe wanaweza.

Waheshimiwa, kwa shule ya mwanangu nina ombi mahususi, na naamini mwalimu mkuu wetu atajitambua bila kutajwa. Kabla muhula wa pili haujaanza mwezi Julai, waiteni mabinti hao wawili pamoja, nasi mama zao wawili pamoja, kwenye chumba kimoja. Mwalimu awepo, asihukumu. Kila mmoja aulizwe alisikia nini siku ya kuhesabu meno na siku ya siri, na anataka mwenzake ajue nini. Wakisema wanataka kubaki mikondo tofauti, nitakubali na sitaandika tena. Wakisema wanataka dawati lao, warudishiwe. Wamebakiwa na muda mfupi wa shule ya msingi, kisha kila mmoja atapangiwa sekondari yake na huenda wasikutane tena kila asubuhi kwenye gari moja.

Mimi nipo tayari siku yoyote, saa yoyote mtakayopanga. Mama mwenzangu nitakwenda kumwomba mimi mwenyewe.

Wenu katika malezi,

Mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tano,
Dar es Salaam